Kitone Chini ya Bawa

Nyumbani, 4 Machi

Mpwa wangu, Kiguu na Njia,

Nianze na hili kabla ya salamu, maana salamu zikitangulia nitajibanza nyuma yake kama nilivyozoea. Kuna jambo ninakuficha. Si la zamani. Sijaua mtu, wala sina watoto wa pembeni watakaojitokeza siku ya mazishi. Ni jambo la sasa, la humu ndani. Utalijua kabla sijafukiwa. Ila si leo. Leo sina ubavu.

Haya, hujambo? Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu anayepangiwa vidonge kwenye kisahani. Daktari anasema moyo wangu unapiga kama mlango uliolegea bawaba. Nikamwambia mlango wa namna hiyo ndio unaosikika nyumba nzima. Hakucheka. Madaktari wa siku hizi wanafundishwa kila kitu isipokuwa kucheka.

Mama yako yupo hapa tangu mwezi uliopita. Alikuja na mfuko mmoja na cherehani, akasema anakaa wiki tu mpaka nipate nafuu. Sasa cherehani imeshika dirisha la sebuleni, penye mwanga, nami nimesogezwa ukutani pamoja na redio. Usiniulize kama anakutaja. Anashona.

Picha zako zimefika. Lo, mpwa wangu, umenipigia migongo mitupu! Nikukumbushe, maana ulipokuwa ukija kunipokea makumbusho ulitazama nge tu na kupiga kelele. Huko mlimani kuna vipepeo wawili wanaofanana. Majina yao ya kitabuni yanauma ulimi, kwa hiyo nilipokuwa mtunzi wa chumba cha wadudu niliwabatiza upya: Mwenyeji, aliyejaa mlima mzima, na Mkimya, ambaye watu wengi wanazeeka bila kumwona. Juu wote ni kahawia, kila bawa lina jicho jeusi lenye pete ya rangi ya chungwa. Kwa juu hata mama yao angewachanganya. Ukweli wao uko chini ya bawa la nyuma, wanapolifunga. Mstari wa Mwenyeji umenyooka kama uliopigwa rula. Wa Mkimya umevunjika kama kiwiko. Lakini kipepeo akizeeka vigamba vyake vinapukutika kama chokaa ya ukuta wenye unyevu, na mstari unafutika. Basi usiuamini peke yake. Tafuta kitone. Mkimya ana kitone kimoja cheupe, kidogo kama kilichochomwa kwa sindano, nje ya mstari. Kitone hicho hakina mng'aro. Ukikiona kinang'aa na kina kivuli upande mmoja, huo ni umande, usijipe raha ya bure.

Nipigie wakiwa wamefunga mabawa. Nami nitaandika jina nyuma ya kila picha na kutia sahihi, kama nilivyofanya kwa kila kielelezo maisha yangu yote. Picha isiyo na sahihi haina jina.

Mjomba wako


Kambini, 29 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Umenikosesha raha wiki nzima. Mtu gani anaanza barua kwa kusema anaficha, halafu anaficha? Nimejaribu kubahatisha. Umeoa? Muuguzi? Umeuza vitabu vyako? Mpishi wetu hapa anasema wazee wakisema hivyo huwa wamevunja kitu cha mtu wanaogopa kusema. Kama ni kile kikombe changu cha bluu, nimekusamehe.

Mimi mzima. Huku upepo haulali. Hema langu linapiga makofi usiku kucha kama lina sherehe yake. Vipepeo hawatoki mpaka wingu lipasuke, na likipasuka ni dakika chache, basi mimi na kamera tunakimbia kwenye majani yenye tope kama tumefukuzwa. Akitua anafunga mabawa, na akifunga mabawa anakuwa jani lililokauka. Unamtazama humwoni. Mpishi ananicheka. Anaviita vipepeo "vitambaa". Kila jioni ananiuliza, "Leo umeokota vitambaa vingapi, mwanangu?"

Sasa nikwambie kwa nini nakusumbua na moyo wako huo. Kibali chetu hakituruhusu kukamata wala kuua hata mmoja, kwa hiyo ushahidi wote ni picha. Kuna watu wanataka kukata barabara kwenye bega la mlima huu na kusimamisha mnara. Kamati itakaa tarehe 25 Septemba. Ikithibitishwa kwamba Mkimya anaishi kwenye majani haya, bega halitaguswa na kambi itaendelea miaka mitatu. Ikiwa ni Mwenyeji tu, barabara inapita nasi tunafunga virago. Mkuu wa kambi amesema kamati itakubali neno la mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe, maana ndiye pekee aliyewahi kuwashika wote wawili mkononi.

Nimekuwekea picha sita, za chini safari hii. Nimeshika majani kwa vidole ili yasitikisike, nisamehe mkono wangu kuonekana.

Mama nisalimie, kama salamu zangu zinapokelewa. Nilipoacha kazi ya maabara alinifuata mpaka getini akaniambia, "Nenda kafuate wadudu, lakini usinitumie hata picha moja." Sijamtumia. Mimi mtoto mtiifu, si unajua.

Mpwa wako


Nyumbani, 22 Aprili

Kiguu na Njia,

Salaam. Kikombe chako kizima. Sijaoa. Muuguzi anayekuja kunichoma sindano ana mume mwenye mabega kama kabati.

Tunaendelea. Mvua imeanza, bati linavuja juu ya kiti changu, nikahamia kiti kingine, nacho kina springi inayochoma. Nakaa, nainuka, nakaa. Mama yako anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Picha zako ziko tayari, nazirudisha zikiwa na maandishi nyuma. Ya kwanza na ya pili ni Mwenyeji, mstari umenyooka kama pindo la shuka. Ya tatu ni Mwenyeji pia, mzee, pindo limefumuka huku na huku lakini bado unaona lilipopita. Ya nne unyasi umekatiza mbele, sikutia sahihi. Ya sita ni Mwenyeji.

Ya tano ndiyo iliyoninyima usingizi. Mstari unapanda vizuri, kisha unageuka ghafla kama mshono wa kwapa. Huo si mstari wa Mwenyeji. Lakini pale penye kitone hapapo: bawa limenyofolewa, pengine na ndege, limebaki na nyuzi zinazoning'inia. Siwezi kutia sahihi kwa kipande kisichokuwapo. Ila rudi hapo hapo ulipoipiga. Rudi mara nyingi.

Na ufunge kidole gumba chako. Kina kidonda kinachotaka kufanya usaha, na kucha umezikata kwa meno.

Mjomba wako


Kambini, 15 Mei

Mjomba mpenzi,

Shikamoo sana. Nimesoma habari ya picha ya tano nimesimama, nikamsomea mkuu wa kambi, nikamsomea na mpishi, ambaye alisema "Hongera" bila kujua ya nini. Kila wingu likipasuka niko kwenye bonde lile dogo nilikoipiga. Nimeshalijua kila jani. Bado sijampata.

Sasa nikuulize, na usinikwepe. Mosi, tangu lini unajua mshono wa kwapa unakaaje? Wewe uliyekuwa unabandika vifungo vya shati kwa gundi ya makumbusho! Pili, mistari yako inapanda mlima kuliko mimi. Ukurasa wa pili umeandika mstari mmoja juu ya mwingine. Tatu, hicho kidonda changu kilikuwa kidogo kiasi kwamba mimi mwenyewe sikukiona mpaka uliponiambia. Nikakikamua, kweli kilikuwa na usaha. Macho yako yamerudi ujana au umenunua miwani mipya? Kama jambo unaloficha ni kwamba umepona, sema tushangilie.

Mama hajasema chochote? Hata kunitukana?

Mpwa wako


Nyumbani, 6 Juni

Kiguu na Njia,

Hujambo. Mimi nipo. Meza inayumba, ndiyo maana mistari inapanda. Nimeweka kadibodi chini ya mguu wake.

Ama kuhusu mshono, mtu akiishi na cherehani inayonguruma tangu asubuhi mpaka chai ya jioni, lugha inamwingia hata kama masikio yameziba. Juzi nilimwambia daktari moyo wangu umefumuka. Hapo ndipo alipocheka.

Mama yako hajakutukana. Siku hizi amezoea kukaa mlangoni saa za tarishi. Anasema anaota jua. Jua lenyewe halipo, mvua tupu.

Sina raha, mpwa wangu. Si ugonjwa, ugonjwa nimeshauzoea, tunapeana zamu. Ni ile hali ya kusikia kila gari linalopunguza mwendo nje. Nafungua barua hii mara tatu nikitaka kukuambia lile jambo, naifunga. Endelea kutafuta bondeni kwako. Mimi naendelea kutafuta ubavu.

Mjomba wako


Kambini, 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii habari ni mbili, moja tamu, moja ya kwako peke yako.

Tamu: nimempata! Nadhani nimempata. Wingu lilipasuka asubuhi, akatua kwenye jani mbele yangu, karibu kiasi cha kumpulizia. Akafunga mabawa. Picha ninayokutumia ndiyo pekee niliyofaulu kupiga. Mstari umepukutika, huoni kama umenyooka au umepinda, ni mzee sana. Lakini nje ya mstari kuna kitu cheupe. Mjomba, kuna kitu cheupe! Ila ilikuwa asubuhi na majani yote yalikuwa na umande. Nimeikodolea macho picha mpaka nikaanza kuona vitone ukutani. Mkuu wa kambi anasema umande. Mimi nasema kitone. Tumekubaliana tusigombane, aamue mwenye chumba cha wadudu.

Ya pili: nikirudi kambini na kamera kifuani nilikanyaga jiwe lililolegea, nikaporomoka mpaka kwenye korongo. Nilikaa kule mpaka jioni, ndipo mpishi aliposikia nikiita. Mguu ulivunjika juu ya kifundo. Wamenifunga mbao mbili, wakanishusha zahanati, nikapigwa plasta, nimerudi. Natembelea fimbo. Kamera ilipona, hilo ndilo muhimu. Nakwambia wewe kwa sababu siwezi kukuficha. Lakini nakuomba sana, mama asijue. Ataona alikuwa na haki ya kunikasirikia pale getini, na nitashindwa kumjibu. Akijua atakuja hapa kwa miguu yake, au atanyamaza kabisa, na sijui lipi linaniogopesha zaidi.

Mpwa wako, Kiguu Kimoja na Njia


Nyumbani, 9 Agosti

Mpwa wangu,

Hujambo. Pole sana kwa mguu. Samahani kwa kuchelewa. Nililazwa siku kadhaa, nimetoka.

Uliniomba nisimwambie mama yako. Sikumwambia neno.

Picha nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Kitu cheupe kinang'aa na kina kivuli upande mmoja. Ni umande. Kwa mstari uliofutika na bila kitone, hakuna sababu ya kumwita jina lingine. Ni Mwenyeji. Nimetia sahihi.

Usihuzunike. Umefanya kazi nzuri. Njoo nyumbani upumzishe mguu.

Mjomba wako


Kambini, 27 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kuliko maandishi ya kwenye chupa za dawa zako. Niliisoma, nikaigeuza, nikadhani kuna ukurasa mwingine umebaki ndani.

Nimekubali. Mkuu wa kambi ameandika ripoti: Mwenyeji peke yake. Picha yenye sahihi yako imebandikwa kwenye ukurasa wa mwisho. Tumeanza kukunja mahema yale ya akiba. Mpishi anagawa sufuria. Ameniuliza, "Basi vitambaa vimekwisha?" nikajifanya ninakuna mguu ndani ya plasta.

Jana walikuja watu wa barabara wakachomeka vigingi vyekundu. Kimoja wamekichomeka katikati ya bonde langu.

Sikulaumu, mjomba. Neno lako ni neno lako. Ila kwa kuwa sijazoea kukuficha, niseme mara moja tu kisha ninyamaze. Kwangu mimi hakikung'aa. Nilikitazama jua likiwa kulia, nikakitazama kwa taa, nikakitazama kwa kioo cha kukuzia cha mkuu wa kambi. Hakikung'aa. Lakini nani mimi mbele ya mtu aliyewashika wote wawili mkononi?

Nitakuwa nyumbani Oktoba, wiki ya kwanza. Sijui mama atanifungulia mlango. Mwambie nakuja. Au usimwambie.

Mpwa wako


Nyumbani, 10 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Barua hii anaichukua muuguzi. Kaahidi kumkabidhi dereva wa gari la mradi wenu mkononi, ikufikie kabla ya kikao. Nimeambiwa moyo hauna safari ndefu, kwa hiyo nitaandika hadi kalamu ikauke, na ukikuta mstari juu ya mstari, soma hivyo hivyo.

Sioni.

Tangu mwaka jana katikati ya macho yangu pameungua. Pembeni nimebakiwa na mwanga, fremu ya mlango, umbo la mtu anayepita. Ukisimama mbele yangu nitaona mabega yako na viatu vyako, uso hakuna. Kadibodi niliyokuambia iko chini ya meza, iko juu ya karatasi: nimeitoboa matundu marefu, naandika ndani ya matundu. Inapoteleza ndipo ninapopanda mlima. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeniita mtu pekee, nami nilikuwa nimekaa na redio miezi mingi bila mtu kuniita chochote isipokuwa "mgonjwa".

Macho yaliyotazama picha zako ni ya mama yako.

Bahasha ya kwanza ilipofika niliinua picha dirishani, nikaigeuza huku na huku kama nyani aliyeokota kioo. Cherehani ikanyamaza. "Unatafuta nini?" Nikasema natafuta mstari. Akaninyang'anya. Akasema, "Hivi ndivyo vilivyomchukua mwanangu? Vyenyewe havina hata rangi." Nikamkumbusha kwamba alikataa kutumiwa picha. Akanijibu, "Mimi nilikataa kutumiwa. Hizi umetumiwa wewe." Akafungua lenzi yangu ya kukunja, ile inayolia ta! kila ikifunguka na kila ikifungwa, akaanza kunisomea bawa kama anavyosoma nguo ya mteja: hapa pindo, hapa pamefumuka, hapa fundi alikosea akageuza. Nilikaa miaka mingi katika kile chumba na wasaidizi wenye vyeti, mpwa wangu. Sikupata hata mmoja aliyenipa bawa mkononi namna ile. Nilikuwa naliona.

Nilimfundisha mambo mawili tu, kiwiko na kitone. Kilichobaki alikuwa nacho. Kidonda cha kidole gumba alikiona yeye. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama kipepeo. Picha zote zenye mkono wako alizishika mwisho, moja moja, kabla ya kunipa nitie sahihi. Ya nne, ile ya unyasi, nilikuambia nimeirudisha. Hukuipata, na hukuniuliza. Imo ndani ya kasha la nyuzi zake. Ina mkono wako mzima.

Na barua? Nani unadhani alikuwa akinisomea? Kila salamu yako ilipita mdomoni mwake. "Mama nisalimie, kama salamu zangu zinapokelewa," alisoma, akajibu papo hapo, "Zimepokelewa," akaendelea na mstari uliofuata. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utaanza kuandika kwa adabu, naye alitaka kukusikia unavyoongea.

Sasa fikiria siku ilipofika barua ya mguu. Alikuwa ameisubiri mlangoni. Akasoma umempata, sauti yake ikapanda. Mpwa wangu, nakuapia ilipanda, alifurahi. Akasoma jiwe. Akasoma korongo. Akasoma, "Lakini nakuomba sana, mama asijue." Hakusita. Alisoma neno "mama" kama ni mama wa watu wengine. Akafika mwisho, akakunja karatasi, akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Aliporudi akachukua picha. Lenzi ikalia ikifunguka. Kimya. Ikalia ikifungwa. Nikangoja. Ikafunguka tena. Mtu haangalii mara mbili mahali pasipo na kitu.

"Kinang'aa," alisema. "Na kina kivuli upande mmoja. Ni umande."

Miezi yote hiyo hakuwahi kunielezea bawa bila kulivalisha uzi, pindo au mshono. Siku hiyo alinirudishia maneno yangu mwenyewe, yalivyo, kama mwanafunzi anayejibu asilolijua. Akaongeza, kabla sijamuuliza, "Kwa hiyo watafunga kambi. Atarudi."

Hatukuizungumza. Cherehani haikuguswa wiki nzima. Nikalazwa, nikatoka. Kisha ikaja barua yako ya juzi, ya vigingi. Aliisoma mpaka pale unaposema kwako hakikung'aa. Hapo ndipo aliposimama. Alitoka nje, nikasikia geti, nikasikia amerudi, akakaa kwenye kile kiti cha springi, yeye ambaye hakai pasipo na kazi mkononi.

"Pamba," alisema.

Nikamuuliza pamba gani.

"Kile kitone. Pamba, si hariri. Haking'ai hata ukikigeuza. Kama uzi mweupe uliotolewa fundo moja upande wa ndani." Kisha akasema, "Mwandikie. Nikimwandikia mimi atadhani namfuata tena mpaka getini."

Basi iondoe picha ile kwenye ripoti. Futa neno langu nyuma yake, futa na sahihi. Sahihi ya kipofu haina kazi kwa kamati. Mpelekee bibi aliyerithi kiti changu makumbusho, mwambie atazame kwa macho yake, na asijali jina langu. Atakiona. Andika pia aliyekiona kwanza ni fundi cherehani, mama wa mpiga picha. Ukibaki huko miaka mitatu, baki. Mama yako ameshaanza kuuliza kama plasta inaingia ndani ya suruali ya kawaida, au inabidi mguu mmoja upanuliwe. Kuna kitambaa kizito mezani, nimekishika. Si cha kuvaliwa nyumbani.

Ukimkasirikia, usimkasirikie peke yake, na hili ndilo nililoshindwa kukuandikia tangu Agosti. Alipoifunga lenzi mara ya pili hakunipa picha. Aliishika, akaningoja. Ni mdogo wangu. Nazijua pumzi zake tangu akiwa mgongoni kwangu. Alikuwa ananiachia nafasi niseme maneno mawili tu, "Tazama tena," na angetazama, na angesema kweli. Nami nilikuwa nimekwisha piga hesabu zangu pale ukutani: kambi ikifungwa utakuwa hapa Oktoba, na kama sitakuona, basi nitakusikia ukifungua mlango. Hakunidanganya, mpwa wangu. Nilijua ni Mkimya, nikaomba kalamu.